Mtu Asiye na Shingo

Ndugu msomaji wa Manyoni na Itigi, wewe unayepitiwa na reli ya kati, hebu jiulize: gari moshi likiua, anajibu nani?

Mwaka 1841, huko Sonning, Uingereza, treni iligonga udongo ulioporomokea relini. Wakafa abiria 9 wa daraja la tatu, walalahoi waliopakiwa kwenye mabehewa ya wazi. Sheria ya kale iliruhusu chombo kilichoua kitozwe faini, basi injini na mabehewa vikapigwa pauni 1,000. Wenye makampuni ya reli hawakuipenda sheria hiyo hata kidogo. Mwaka 1846 Bunge likaifuta, na mwaka huohuo likatunga nyingine: familia ya marehemu idai fidia. Sura ya 310 ya sheria zetu ni mjukuu wake.

Tarehe 24 Juni 2002, kati ya Msagali na Igandu, Dodoma, treni ya abiria ya Shirika la Reli ilisimama mlimani, ikarudi nyuma kwa kasi, ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 wakafa.

Fidia ni haki ya yatima, sikatai. Lakini fidia haiulizi nani alijua, nani alinyamaza. Kisheria shirika ni mtu: linamiliki, linashtaki, linakopa. Likiua je? Halina shingo wala mkono wa kutiwa pingu. Waingereza wenyewe walitunga sheria maalumu ya kuishtaki kampuni iliyoua mwaka 2007, miaka 161 baadaye.

Sisi tungoje miaka mingapi, jamani?