Gari lililotegemea wapagazi

Misafara ya pembe za ndovu kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilikwenda kwa miguu, kila mpagazi na mzigo wa kilo 30 hivi. Agosti 1907, reli ikiwa haijafika hata Morogoro, Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililoinuliwa juu ili lipite kwenye visiki na mawe. Petroli yake ilitangulizwa na wapagazi kama hao! Lilipokwama, Waafrika walilivuta kwa kamba. Alifika Swakopmund, Namibia, Mei 1909; reli ikaingia Tabora 1912. Kiwanda kilichounda gari hilo, mjini Gaggenau, kilichukuliwa na kampuni ya Benz, na kuanzia 1951 hadi 2002 kiliunda Unimog, lori ambalo nalo limeinuliwa juu.