Kumbukumbu Ilipohamia Mtamboni: Taar, Jenereta na Swichi za Dadaab

Umeme unakatika, unarudi, na swichi ya mtandao inawaka ikiwa tupu: nywila haipo, anwani ya usimamizi haipo, mgawanyo wa milango umepotea. Wengi husema kifaa kimekufa, na mara nyingi hakijafa. Swichi za Cisco, kwa mfano, huweka mipangilio inayotumika katika kumbukumbu inayofutika umeme ukizimwa, na mipangilio ya kuanzia katika kumbukumbu isiyofutika. Fundi asiyeamuru ya kwanza inakiliwe kwenye ya pili ameiacha kazi yake ikining'inia kwenye waya wa umeme. Hoja yangu ni kwamba huko Kaskazini Mashariki mwa Kenya kosa hili lina historia, nayo ni historia ya umeme na ya umbali wa mafundi kabla ya kuwa ya swichi.

Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yaliyotarajiwa kuzaa faida upesi. Mkoa huu, uliokuwa katika vita vya kujitenga vya Shifta na kisha chini ya sheria za hali ya hatari, haukuwa miongoni mwao. Kwa miaka mingi mji wa Garissa uliwashwa kwa mitambo ya dizeli kabla ya gridi ya taifa kuufikia. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera huko Dadaab zilipofunguliwa mwaka 1991 na 1992, wakimbizi walitegemea sana taar, redio za masafa marefu zilizopitisha habari za jamaa na maagizo ya fedha za hawala hadi Nairobi na Somalia. Elimu ya kuiendesha taar, yaani nani aitwe, saa ngapi na kwa masafa gani, ilikuwa kwa mwendeshaji mwenyewe. Betri ikiisha, elimu hiyo ilibaki naye.

Ukame wa 2011 ulipoifikisha Dadaab kwenye wakimbizi zaidi ya 400,000, mashirika ya NetHope na Inveneo pamoja na kampuni ya Cisco, kwa msaada wa USAID, walishiriki kuwajengea mashirika ya misaada mtandao wa pamoja, DadaabNet. Ulikuwa mtandao wa kasi mahali ambapo ofisi ziliishi kwa jenereta. Sasa elimu ilikaa ndani ya mtambo, na mtambo hulala jenereta inapozimwa. Tena swichi tupu haigomi. Huiweka milango yote katika VLAN moja, yaani mtandao pepe mmoja, na kuendelea kupitisha data, hivyo ofisi zilizotenganishwa huweza kujikuta kwenye mtandao mmoja huku kila mtu akidhani mambo ni shwari. Kwangu hilo ni baya kuliko mtandao kuzimika kabisa, maana aliyekatiwa mtandao angalau humwita fundi.

Atasema mtu kwamba fundi wa Nairobi naye husahau kuhifadhi. Kweli, na pengine husahau zaidi, kwa kuwa swichi yake yaweza kukaa mwaka mzima bila kuzimwa na kosa lisionekane. Tofauti iko kwenye gharama ya kurekebisha: wa Nairobi hushuka ngazi, wa Dadaab huenda akasubiri msafara wenye ulinzi.

Wengine watasema dawa ni kusimamia mipangilio yote kutoka kituo kimoja cha mbali. Ni dawa nzuri njia ikiwa wazi. Lakini al-Shabaab wameshambulia milingoti ya simu mara kadhaa katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, na swichi iliyopoteza anwani yake haiwezi kufikiwa kwa njia ambayo yenyewe ndiyo imekatika. Nakala lazima ikae pale pale kambini, tena iwe kamili: katika swichi nyingi za Cisco orodha ya VLAN hukaa kwenye faili ya vlan.dat, mbali na mipangilio ya kuanzia. Anayerudisha faili moja na kuiacha nyingine ataiona swichi ikiwaka vizuri, jina lake likiwa sahihi, na milango kadhaa ikielekezwa kwenye VLAN ambazo hazipo.