Mpira wa Pampu

Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye pampu. Ndicho kitu cha kwanza nilichokiona katika kijiji kimoja cha mkoa wa Lindi, nilikopelekwa kwa mafunzo ya vitendo nikiwa mwaka wa tatu wa uhandisi. Pampu ilikuwa ya mkono, lakini mkono wenyewe haukuwepo. Kwapani nilikuwa na michoro ya mradi mpya wa bomba. Baada ya kumwamkia bibi mwenye mbuzi, nilimuuliza pampu ile iliharibika nini.

"Mpira, mjukuu wangu. Mpira mdogo wa ndani uliisha. Wazungu walishaondoka. Tungeuulizia duka gani?"

Nilianza kutafuta habari za mpira huo kwenye vitabu. Mwaka 1971 serikali ya TANU iliahidi kwamba ifikapo 1991 kila kaya ya kijijini ingepata maji safi na salama ndani ya mita 400. Siibezi ahadi hiyo. Nchi ilikuwa na miaka 10 tu tangu uhuru, na wanawake walikuwa wakiamka alfajiri kufuata madimbwi. Lakini fedha zilikuwa za wafadhili, na mikoa ikagawanywa kama mafungu ya samaki: Finland ikachukua Mtwara na Lindi, Sweden ikaenda kanda ya ziwa, Denmark ikapewa Iringa, Mbeya na Ruvuma. Kila mmoja alikuja na wataalamu wake na pampu zake. Bei ya mafuta ilipopanda kuanzia 1973, mashine za dizeli nazo zikaanza kunyamaza. Mwanakijiji aliitwa kuchimba mtaro. Mtaro upite wapi hakuulizwa. Maji yalikuwa ya bure, mali ya serikali, kwa hiyo yalipokatika ilisubiriwa serikali. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 yenyewe inakiri kwamba zaidi ya asilimia 30 ya miradi ya vijijini haikuwa ikifanya kazi vizuri.

Kilichonikera zaidi ni kwamba mimi mwenyewe nimekulia kando ya mradi wa maji ambao haukuwahi kuwa na mhandisi wa chuo chochote.

Kwa babu yangu, Kilimanjaro, mfongo ulipita juu ya kihamba chetu. Wachaga walikuwa wamekwisha kuichimba mifongo kabla ya Wajerumani. Harry Johnston, Mwingereza aliyefika mlimani mwaka 1884, aliikuta na kuiandika. Maji yalitolewa mtoni huko juu, yakazungushwa ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo mno, na penye bonde yakavushwa kwa magogo yaliyochongwa. Mzee wa mfongo alijua zamu ya kila ukoo. Siku ya kusafisha mfereji watu waliitwa kwa baragumu, na asiyetokea alitozwa faini. Kipuri kilikuwa udongo, mawe na jembe, navyo havikuagizwa Ulaya.

Lakini mfongo haukuwa pepo. Udongo hunywa maji mengi kabla hayajafika shambani. Na wanawake, ambao ndio waliochota, hawakuwa na kiti katika baraza la mfongo. Bibi yangu alijua saa ambayo maji hupungua kuliko mwanamume yeyote pale nyumbani, wala hakuna aliyemuuliza. Kwa hiyo ninaposikia wenzangu wakisema "turudi kwenye asili", huwa nataka kwanza kujua asili ya nani.

Kule Lindi tulikutanika chini ya mkorosho. Wazee walikaa kwenye viti, wanawake wakakaa nyuma kwenye kanga zao. Nilitandika mchoro na kuonyesha kilula cha kwanza, pembeni ya ofisi ya kijiji. Nilikiweka pale kwa sababu gari la wageni lingefika kwa urahisi. Sababu nyingine sikuwa nayo. Nilipouliza kama kuna swali, wazee walishukuru. Nikawageukia wanawake. Mmoja akasema pale hapana kivuli wala pa kufulia, na usiku ni njia ya walevi. Kisha yule bibi wa mbuzi akanyoosha mkono.

"Na mpira wa hili unauzwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Msimamizi wangu alikohoa na kufunga mkutano.

Kesho yake nilipanda bodaboda hadi Lindi mjini nikiwa na orodha ya koki na valvu zote za kwenye mchoro. Nilizunguka maduka ya vifaa vya ujenzi mpaka adhuhuri. Valvu mbili hakuna muuzaji aliyewahi kuziona. Nilizifuta, nikaandika zile zilizokuwa zimening'inia dukani, nikanunua koki moja na kurudi nayo.

Bibi aliipokea, akaifungua kwa kisu, akautoa mpira na kuuinua kwenye mwanga.

"Huu bei gani?"

Nikamtajia. Akaufunga kwenye pindo la kanga.