Kodi Kubwa, Shule Hafifu

Katika nchi ya Marekani, wilaya nyingi za shule hutegemea kwa sehemu kubwa kodi ya nyumba na ardhi. Mjini San Antonio, Texas, mwaka 1967-68, wakazi wa Edgewood walitozwa senti 105 kwa kila dola 100 za mali; matajiri wa Alamo Heights, senti 85 tu. Lakini mali ya Edgewood ilikuwa duni, hata kodi hiyo ikaleta dola 26 kwa mwanafunzi. Alamo Heights, dola 333! Wanafunzi waligoma wakidai walimu waliohitimu, na wazazi, Demetrio Rodriguez mmojawapo, wakashtaki. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwakatalia, majaji 5 kwa 4: elimu, ilisema, haikutajwa katika katiba. Mwaka 1989 mahakama ya juu ya Texas, ikifuata katiba ya jimbo, iliubatilisha utaratibu ule. Watoto wa mwaka 1968 walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima.