Karoti Mbili Nyuma ya Majani Chai

Kogo huita karoti mboga ya wazungu, na hakosei sana. Mwezi wa tatu nilimpandia matuta mawili nyuma ya jikoni, huku Bomet, pale majani chai yanapoishia: moja Nantes, lingine Chantenay. Muda nilikuwa nao, chuo niliacha.

Nantes ni jiji la Ufaransa. Katika karne ya 18 ndilo lilikuwa bandari kubwa zaidi ya biashara ya watumwa nchini humo, na leo jina lake liko kwenye pakiti ya agrovet. Karoti yenyewe ni ndefu kiasi, imenyooka kama bomba, ncha butu, kiini kidogo, tamu hata ikiliwa mbichi. Chantenay ni fupi, mabega mapana, chini imechongoka. Kwa udongo wetu mwekundu, mzito ukilowa, Chantenay ilishinda. Nantes zangu nyingi zilipinda, zingine zikaota miguu miwili. (Nilitia samadi mbichi, hilo ni kosa langu.) Tena chai hupenda udongo wenye asidi nyingi, karoti haiupendi, kwa hivyo majivu ya Kogo yalisaidia kuliko ushauri wangu wa simu.

Na hiyo chai ilifikaje? Brooke Bond na James Finlay walianza mashamba makubwa Kericho miaka ya 1920, kwenye ardhi ya Wakipsigis. Mwaka wa 1934 serikali ya kikoloni ikapitisha sheria ya kuwahamisha Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho, hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Mkulima mdogo Mwafrika alikuja kufunguliwa mlango wa chai miaka ya 1950. Kabla ya chai, huku kulikuwa na wimbi, managu na saga, na mbegu zilikaa nyumbani.

Hapo ndipo karoti inanikera. Mbegu za managu Kogo hukausha mwenyewe. Karoti hizi hutoa maua baada ya kupigwa na baridi kali wiki kadhaa mfululizo, na baridi hiyo Bomet haina. Ni kurudi dukani kila msimu.

Nilipomweleza, Kogo hakuamini. Aliacha Chantenay tatu ardhini, makusudi, aone. Huu ni mwezi wa saba tangu nipande. Zimenenepa, zimepasuka, ua hakuna. Bado anazipalilia.