Ngoma ya Rumanyika na Kipimo cha Ustadi

Mji mdogo wa Kaisho umo katika pembe ya kaskazini magharibi ya Tanzania, mahali ambapo Mto Kagera umeizunguka nchi kama mshipi. Ng'ambo ya mto, upande wa magharibi, ni Rwanda. Upande wa kaskazini ni Uganda. Hadi mwaka 2012 Kaisho ilihesabiwa katika Wilaya ya Karagwe; mwaka huo Wilaya ya Kyerwa ikakatwa humo, na Kaisho ikawa yake. Lakini kwa Wanyambo, wenyeji wa huko, Karagwe ni jina lililo kubwa kuliko mipaka ya wilaya. Ni jina la ufalme ambao katika karne ya 19 makao yake yalikuwa Bweranyange.

Mwezi wa Novemba 1861 wasafiri wawili Waingereza, Speke na Grant, walifika kwa mfalme wa nchi hiyo, Rumanyika. Miongoni mwa habari ambazo Speke alizichapisha mwaka 1863 ni namna mfalme huyo alivyojieleza kuwa alipata kiti chake. Baba yake alipofariki walisalia wana watatu, na kila mmoja alikuwa na tamaa ya kutawala. Ikawekwa mbele yao ngoma ndogo, nyepesi mkononi kama unyoya, lakini iliyotiwa dawa hata ikawa nzito kwa kila asiyestahili ufalme. Ndugu wawili walijitahidi kuiinua wasiweze. Rumanyika akaiinua kwa kidole chake kidogo.

Hapana haja ya kubishana hapa kama jambo hilo lilikuwa au halikuwa. Lililo la maana ni swali ambalo ngoma iliwekwa ilijibu: katika watu kadhaa wanaodai ubora, ni nani aliye bora, na ajuaye hayo ni nani? Ngoma ilijibu mara moja tu, wala haikuwa na rufani. Hata hivyo jibu lake halikuwatosha wote. Nduguye Rogero alishindana na Rumanyika kwa silaha, na Rumanyika alihitaji msaada wa Musa Mzuri, mfanya biashara wa Kihindi aliyekaa Kaze, ili akithibitishe kiti ambacho ngoma ilikuwa imekwisha kumpa. Kipimo kisichokubaliwa na wapimwao hakimalizi ugomvi.

Swali hilo hilo huulizwa kila jioni, pasipo damu, mahali po pote watu wanapoketi kwenye ubao wa kuchezea. Nchi izungukayo Kaisho ni tajiri kwa mbao hizo. Uganda wana omweso, Rwanda wana igisoro, na Waswahili wa pwani wana bao. Michezo mitatu yenye sheria mbalimbali, lakini yote huchezwa juu ya mashimo 32 kwa kete 64. Katika baraza za bao ustadi hupimwa kwa sifa. Mshindi hubaki kwenye ubao, mshinde huondoka, na mwingine huketi mahali pake. Aliyewaondoa wengi mbele ya mashahidi huitwa fundi, na aliyewashinda mafundi huitwa bingwa. Kipimo hiki kina heshima kubwa, kwa kuwa watazamaji wenyewe ni mahakimu. Lakini kina dosari mbili. Sifa hukawia kufika na hukawia zaidi kuondoka, hata mzee aliyekwisha kupitwa na vijana huendelea kuitwa bingwa kwa ajili ya jana yake. Tena sifa haisafiri vizuri: fundi wa baraza moja ni mgeni tu katika baraza ya pili.

Wachezaji wa sataranji ndio waliotafuta dawa ya dosari hizo kwa hesabu. Mwaka 1950 chama cha sataranji cha Marekani kilianza kutumia utaratibu wa Kenneth Harkness, ambao uliwapa wachezaji alama kwa kufuata wastani wa wapinzani wao. Utaratibu huo ulikuwa mwepesi, lakini mara nyingine ulitoa majibu ya ajabu. Kazi ya kuutengeneza ikamwangukia Arpad Elo, aliyezaliwa Hungaria mwaka 1903, akahamia Marekani akiwa mtoto, akawa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Marquette mjini Milwaukee. Njia yake ilikubaliwa Marekani mwaka 1960, na chama cha sataranji cha ulimwengu, FIDE, kiliipokea mwaka 1970. Baadaye ilienea katika michezo mingine mingi, na leo vijana washindanao kwa michezo ya kompyuta hupangwa kwa njia hiyo au kwa watoto wake.

Asili ya fikira ya Elo ni kwamba alama ya mchezaji si nishani wala zawadi, ila ni tarajio. Tofauti ya alama za watu wawili hutabiri watakavyogawana ushindi. Walio sawa hutarajiwa kugawana nusu kwa nusu. Anayemzidi mwenziwe kwa alama 200 hutarajiwa kupata kadiri ya 76 katika kila 100. Anayemzidi kwa 400, kadiri ya 91. Mchezo ukiisha, tarajio hulinganishwa na lililotokea. Ushindi ni 1, sare ni nusu, kushindwa ni sifuri; na tofauti baina ya tarajio na tokeo huzidishwa kwa hesabu maalumu, kwa mfano 20.

Basi mwenye alama 1600 akimshinda mwenye 1400, huongezewa 5 tu, maana alifanya lililotarajiwa. Akishindwa, hupoteza 15, na mpinzani wake huzipata hizo 15. Hata sare humgharimu 5. Methali husema asiyekubali kushindwa si mshindani; katika hesabu hii akubali asikubali, kushindwa kwake kumekwisha kuandikwa. Hapa ndipo kipimo hiki kinapoishinda ngoma ya Bweranyange: hakisemi mara moja kikanyamaza, bali huulizwa upya kila siku, na aliyeanguka jana anaweza kuinuka leo. Elo mwenyewe hakudai kuwa kipimo chake ni kamili. Aliufanania na kazi ya kupima mahali pa kizibo kinachochezacheza juu ya maji, kwa kijiti kilichofungwa katika kamba inayopeperushwa na upepo.

Lakini imo hatari ambayo mjuzi wa hesabu huiona mapema, na mchezaji wa mji wa mbali huionja. Maadamu anachopata mmoja ndicho anachopoteza mwenziwe, alama hazizaliwi katika mchezo. Huhama tu kutoka mkono hata mkono. Chukuliwe mfano wa chama cha watu 20 katika mji kama Kaisho, ambacho kila mtu ameanza na alama 1400, na hakuna achezaye na mtu wa nje. Jumla yao ni alama 28,000. Watu hao wakasome vitabu, wakafundishane usiku na mchana kwa miaka 10, wakawa mafundi wa kweli. Jumla itabaki 28,000, na wastani utabaki 1400. Hesabu haikukosea. Iliulizwa nani anamzidi nani ndani ya chumba, ikajibu. Habari za nje ya chumba haikuulizwa.

Sasa mmoja wao mwenye alama 1500 avuke mto akacheze michezo 10 na watu wenye 1700. Anatarajiwa kupata 2.4, naye akapata 5. Kwa kizidisho cha 20 ataongezewa alama 52, na akirudi nyumbani, kila atakayemshinda atapata sehemu yake. Msafiri mmoja amekuja na maji ya mto mwingine katika mtungi wake, na kijiji kizima kinakunywa. Kwa hiyo nauli ya basi ni sehemu ya hesabu, ijapokuwa haimo katika kanuni ya Elo.

Jambo hili limeonekana katika nchi jirani. Katika mtaa wa Katwe mjini Kampala, Robert Katende alianza mwaka 2004 kuwafundisha watoto maskini sataranji, na mwaka uliofuata akaja Phiona Mutesi. Watoto wale walikuwa na ustadi ambao hakuna orodha ya ulimwengu iliyoujua, kwa sababu walikuwa wakichezeana wao kwa wao. Mwaka 2012, katika mashindano ya Olimpiki ya sataranji mjini Istanbul, Mutesi na mwenziwe Ivy Amoko walipata vyeo vya FIDE, wakawa wanawake wa kwanza wa Uganda kuvipata. Ustadi wao ulikuwapo kabla ya safari. Safari ndiyo iliyoupatia shahidi.

Wenye kusimamia vipimo wamejaribu kuzitengeneza kasoro hizi. Katika miaka ya kwanza orodha ya FIDE haikuwaandika wanaume walio chini ya 2200, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya Afrika haikuonekana humo. Kikomo kikashushwa hatua kwa hatua hata 1000. Mwezi wa Machi 2024, baada ya kuonekana kwamba alama za walio chini zimedidimia, FIDE ilimwongezea kila aliye chini ya 2000 sehemu 40 kwa mia za pengo lake: mwenye 1500 akawa 1700, mwenye 1000 akawa 1400, na 1400 ndiyo iliyokuwa kikomo kipya. Kabla ya hapo, mwaka 1995, Mark Glickman wa Marekani alikuwa ametunga kipimo ambacho huandika namba mbili: alama ya mchezaji, na kadiri ya shaka iliyo katika alama hiyo. Asiyecheza muda mrefu, shaka yake hukua. Hiyo ni adabu njema, namba kukiri kiasi cha ujinga wake. Lakini kukiri ujinga si kuuondoa. Huondolewa na mpinzani mgeni aketiye upande wa pili wa ubao.

Kwa hiyo msomaji wa habari za Rumanyika asiicheke ngoma upesi. Ngoma ile iliwekwa mbele ya watu watatu tu, wote wana wa mfalme. Kama katika vilima vya Karagwe palikuwa na mchungaji ambaye angeiinua kwa kidole, hakuitwa, na historia haikuandika jina lake. Namba za leo zimepimwa kwa haki zaidi kuliko dawa za ngoma, na mlango wao u wazi kwa wengi zaidi. Lakini nazo hupima walioitwa tu. Chama kitakacho haki katika mji wa mbali hakiwezi kuridhika na kujifunza kanuni. Sharti kitafute wageni wa kucheza nao, na kiwapeleke watu wake ng'ambo ya mto.