Joka la shaba: koili ya maji moto ina umri gani?

Chukua pipa la mbao lenye lita 1,000 za maji. Unataka kuoga maji moto humo, lakini ukiwasha kuni chini yake, pipa lenyewe litaungua. Utafanyaje? Wanaojitengenezea mabwawa ya namna hii nyumbani hutumia koili: bomba la shaba lililozungushwa kama springi, likawekwa ndani ya jiko lililo kando ya pipa. Unaweza kudhani huu ni ujanja wa juzijuzi. Kumbe wapi!

Mwanafalsafa wa Roma, Seneca, aliyefariki mwaka 65 BK, aliandika kitabu kuhusu maumbile ya dunia. Humo akauliza: chemchemi za maji moto hupata wapi joto lake? Alieleza jibu la Empedocles, Mgiriki wa karne ya 5 KK, kwamba maji hupita karibu na moto ulio ardhini. Ili msomaji aelewe, akatoa mfano wa vifaa walivyokuwa navyo: mabomba ya shaba nyembamba, yaliyouzunguka moto mara kadhaa huku yakiteremka. Maji yaliingia baridi, yakatoka moto. Kimoja cha vifaa hivyo kiliitwa draco, yaani joka.

Siri iko wapi? Katika bomba jembamba, kila tone liko karibu na shaba, na shaba hupitisha joto upesi. Bomba likiwa refu, maji yanapata muda wa kutosha motoni.

Koili ya leo hupandisha maji badala ya kuyateremsha. Maji baridi hutoka chini ya pipa na kuingia kwenye koili. Yakipata joto yanakuwa mepesi, yanapanda, yanarudi pipani kupitia tundu la juu. Huo ndio myuko uliousoma sekondari, na hauhitaji pampu.

Ila sikiliza hapa. Joka la Waroma lilikuwa na njia ya kutokea. Ukifunga koili kwa koki pande zote mbili huku moto unawaka, maji yatageuka mvuke, na mvuke huo unataka nafasi kubwa takriban mara 1,700. Bomba litapasuka, na linaweza kuua. Kwa hiyo usiweke koki kabisa, na usiwashe moto kabla maji hayajafunika tundu la juu. Joka liachie mdomo wazi.